Phillip Omondi: Jina la Kijaluo lililobeba bendera ya Uganda

JINA Omondi si geni Ziwani. Katika mtaa huo mkongwe wa mashariki mwa Nairobi, jirani ya Kariokor na Starehe, ukiliita jioni uwanjani huenda wakageuka vijana wawili watatu kwa pamoja, kwani kwa Wajaluo ndilo jina apewalo mtoto wa kiume azaliwaye alfajiri. Hata hivyo, Omondi aliyelifikisha jina hilo katika orodha ya wafungaji bora wa bara la Afrika hakulelewa Ziwani, wala hakuvaa jezi ya Kenya. Alilelewa Naguru, mjini Kampala, na mabao yake yaliingia katika hesabu ya Uganda.

Huyo ni marehemu Phillip Omondi, mfumaji wa klabu ya Kampala City Council (KCC) na timu ya taifa ya Uganda, Cranes, aliyefariki dunia mwaka 1999. Vijana wengi wa leo wanalijua jina lake kwa kuwa limeandikwa kwenye uwanja. Wazee wanamkumbuka kwa mabao. Lakini maisha yake yanastahili kusimuliwa upya kwa sababu ya tatu: alivaa jezi ya Uganda katika miaka ambayo mtu mwenye jina kama lake mjini Kampala aliweza kupoteza kazi, makao au hata uhai kwa sababu ya jina hilo tu.

NAGURU NA ZIWANI

Anayeifahamu Ziwani hana haja ya kuelezwa sana habari za Naguru. Mitaa hiyo miwili ilikuwa kama watoto wa baba mmoja. Yote ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na serikali iliyomhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mgeni wa muda, aliyekuja kuuza nguvu zake na ambaye siku moja angerudi kijijini. Ndiyo maana nyumba zilikuwa ndogo, zimepangwa safu kwa safu, nazo zilikuwa mali ya serikali. Mpangaji alilipa kodi na watoto wakazaliwa humo, ila udongo haukuwa wake.

Kilichounganisha miji hiyo miwili kilikuwa reli. Njia ya reli kutoka pwani ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1931 ikaingia Kampala. Kwa Wajaluo, ambao nyumbani kwao ni kando ya ziwa, mji wa mashariki na mji wa magharibi yote ilikuwa safari ya gari moshi. Wengine walipanda kwenda Nairobi na wakaishia Kaloleni, Makongeni na Ziwani. Wengine walielekea Kampala na Jinja. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuachana kituoni, mmoja akawa mtu wa Nairobi na mwenzake mtu wa Kampala, bila yeyote kati yao kudhani amehama nchi.

Omondi, aliyezaliwa mwaka 1957, alikulia katika mazingira hayo. Katika mtaa kama Naguru zilisikika Kiganda, Kijaluo na Kiswahili, na mtoto alizichanganya zote kabla ya kuingia darasani. Burudani kubwa ilikuwa mpira. Palipokosekana gozi, yalikuwapo makaratasi na kamba. Palipokosekana uwanja, ilikuwapo nafasi baina ya safu mbili za nyumba. Katika nafasi finyu kama hizo mtoto hujifunza mambo ambayo mkufunzi hawezi kuyafundisha baadaye: kuuficha mpira usionekane na adui, kugeuka palipo na hatua moja tu, na kupiga kabla ya mlinzi kuukunjua mguu wake.

Hapo ndipo walipotoka washambuliaji wengi wa Afrika Mashariki, na ndiyo shule ya Omondi.

MIPAKA YAANZA KUONEKANA

Omondi alikuwa bado mvulana wakati dunia ya reli ilipoanza kukatika vipande. Mwezi Oktoba mwaka 1970, serikali ya Rais Milton Obote iliamuru wafanyakazi wa kigeni wasio na ujuzi maalumu waondoke Uganda. Wapatao 30,000, wengi wao wakiwa Wakenya na wengi wa hao wakiwa Wajaluo, walifungasha virago. Watu waliojenga barabara na kuhudumia reli wakajikuta wameitwa wageni katika mji waliouzoea kuliko kijiji chao.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 25 Januari 1971, Jenerali Idi Amin akampindua Obote. Mwaka 1972 ikawa zamu ya Waasia kufukuzwa. Katika muda usiozidi miaka miwili, Uganda ilikuwa imeuliza mara mbili swali la nani ni mwenyeji na nani si mwenyeji, na mara zote mbili jibu lilitolewa kwa amri.

Kijana wa Naguru mwenye jina la Kijaluo alikuwa na kila sababu ya kuishi maisha ya kimya. Omondi alichagua maisha yanayotazamwa na maelfu kila mwisho wa juma.

TIMU YA MAJI TAKA

Klabu aliyoingia haikuwa ya watu wakubwa. KCC ilianzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa baraza la mji wa Kampala, katika idara iliyoshughulikia mifereji ya maji taka. Ilikuwa timu ya vibarua iliyopanda ngazi polepole hadi ikasimama mbele ya Express, klabu iliyokuwa na mashabiki wengi mjini, na mbele ya timu za vyombo vya dola kama Simba ya jeshi.

Mmoja wa walioisuka KCC ya miaka ya 1970 alikuwa Jaberi Bidandi Ssali, ambaye baadaye aliingia katika siasa na kuwa waziri. KCC ya wakati huo ilisifika kwa kuutandaza mpira chini na kucheza kwa pasi, na katika mfumo huo Omondi alikuwa ncha ya mkuki. Hakuwa mfumaji wa kusubiri mipira mirefu mbele ya lango. Alirudi nyuma kuutafuta mpira, akawavuta walinzi watoke mahali pao, kisha akapenya katika pengo alilolifungua mwenyewe.

KCC ilitwaa ubingwa wa Uganda mwaka 1976, na mwaka 1977 ikautetea. Kijana wa Naguru akawa mfalme wa Kampala kabla ya kutimiza miaka 21.

MWAKA MGUMU WA 1976

Ni vyema kuutazama mwaka huo wa 1976 kwa makini, kwa maana ndani yake ndimo ulimo uzito wa maisha yake.

Mwezi Februari, Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda kihistoria. Kenya ilichemka kwa hasira, na uhusiano wa nchi hizo ukaharibika. Mwishoni mwa Juni ndege ya Ufaransa ilitekwa nyara na kupelekwa Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, makomando wa Israel waliuvamia uwanja huo wa ndege na kuwaokoa mateka, kisha ndege zao zikatua Nairobi kujaza mafuta kabla ya kurejea kwao.

Amin alikitazama kituo hicho cha Nairobi kuwa usaliti. Kisasi hakikuwafikia waliotoa ruhusa. Kiliwaangukia Wakenya wa kawaida waliokuwa wakiishi Uganda. Mamia waliuawa, na maelfu wakakimbilia mpakani Busia na Malaba. Katika siku hizo jina lilikuwa hati ya kusafiria ambayo mtu hakuweza kuiacha nyumbani. Mwanajeshi kizuizini hakuwa na haja ya kuuliza maswali mengi. Omondi, Otieno au Onyango yalitosha kumfanya anyanyue macho.

Katika mwaka huo huo, Uganda iliyokuwa ikiwawinda watu wenye majina hayo ilimpa mmoja wao jezi ya taifa na kumtarajia afunge mabao. Cranes walikwenda Zanzibar kugombea Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, wakaishinda Zambia mabao 2-0 katika fainali na kurudi na kombe. Mwaka uliofuata, 1977, walilitetea kombe hilo mjini Mogadishu, wakiishinda tena Zambia, safari hii kwa mikwaju ya penalti. Mwaka 1977 ndio pia ulioishuhudia Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, pamoja na shirika la reli lililowaleta wazazi wa vijana wengi kama Omondi mijini.

Si kwamba mpira uliziponya nyoyo. Haukumrudisha aliyeuawa wala kumrejeshea makao aliyekimbia. Lakini uwanja wa Nakivubo ulipolipuka kwa shangwe kila Omondi alipotikisa nyavu, maelfu ya Waganda walikuwa wakilitamka kwa furaha jina ambalo nje ya lango la uwanja lilikuwa la hatari. Propaganda ya utawala haikuwa na jibu kwa jambo hilo.

SAFARI YA GHANA

Kilele cha maisha yake ya soka kilifika Machi 1978, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana. Wakati huo zilishiriki timu nane tu. Kenya, iliyokuwa imeshiriki mwaka 1972, haikuwamo. Tanzania nayo haikuwamo. Katika nchi tatu za iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Uganda ilikuwa mwakilishi wa pekee, ikishiriki kwa mara ya tatu mfululizo baada ya 1974 na 1976.

Kikosi kilikuwa chini ya kocha Peter Okee, na nahodha alikuwa mlinzi Jimmy Kirunda. Golini alikuwa Paul Ssali. Walikuwamo pia Moses Nsereko, Tom Lwanga, Abdulla Nasur na Stanley Mubiru. Wachache nje ya kanda hii waliwapa nafasi. Katika fainali za 1976 Uganda ilikuwa imepoteza mechi zake zote tatu.

Mjini Kumasi waliianza kazi kwa kuifunga Congo mabao 3-1. Mechi ya pili ikawa somo chungu, walipolala kwa mabao 3-1 mbele ya Tunisia, timu ambayo miezi michache baadaye ingekwenda Kombe la Dunia na kuwa ya kwanza ya Afrika kushinda mechi huko. Ikabaki mechi ya tatu dhidi ya Morocco, mabingwa watetezi. Aliyetarajiwa kufungasha virago alikuwa Uganda. Badala yake Morocco ndiyo iliyorudi nyumbani, baada ya kuchapwa mabao 3-0.

Nusu fainali iliwakutanisha na Nigeria, iliyokuwa na Segun Odegbami, mmoja wa washambuliaji hatari kuliko wote barani. Nasur aliipatia Uganda bao la mapema. Nigeria ikasawazisha dakika chache baada ya mapumziko, na ilipoonekana kwamba upepo umegeuka, Omondi akafunga bao la pili. Uganda ilishinda 2-1 na kuingia fainali.

Fainali ilichezwa Accra tarehe 16 Machi 1978 mbele ya bahari ya watu waliokuja kushangilia timu yao. Opoku Afriyie alifunga mabao mawili, Ghana ikashinda 2-0 na kulichukua kombe lile moja kwa moja baada ya kulitwaa mara tatu. Uganda ilirudi na medali za fedha. Omondi alirudi na mabao matatu, sawa na Afriyie na Odegbami, wote watatu wakiwa vinara wa ufungaji wa mashindano hayo.

Mpaka leo hakuna timu ya taifa ya Uganda, Kenya au Tanzania iliyorudi kwenye fainali ya kombe hilo.

KOMBE LATOKA KWA LUO UNION

Mwaka huo huo wa 1978 ulikuwa na kituko kingine, kilichogusa moja kwa moja mitaa ya Nairobi. Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati lilikuwa mikononi mwa Luo Union ya Kenya, iliyolitwaa mwaka 1976 na 1977. Luo Union ilikuwa timu ya jamii, na katika mitaa kama Ziwani na Kaloleni ushindi wake ulisherehekewa kama harusi ya nyumbani.

Waliolichukua kombe hilo mwaka 1978 ni KCC ya Omondi. Waliishinda Simba, timu ya jeshi la Uganda, kwa penalti, na kuwa klabu ya kwanza ya Uganda kuwa bingwa wa kanda. Kwa mashabiki wa Luo Union ilikuwa vigumu kujua walie au wacheke. Kombe lilikuwa limetoka nyumbani, lakini katika timu iliyolichukua alikuwamo Omondi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1980, serikali ya Kenya iliagiza klabu na vyama viache majina ya kikabila. Luo Union ikawa Reunion, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Majina ya timu yalibadilishwa kwa waraka. Mfumaji wa Naguru, kwa upande wake, alikuwa ameshaonyesha kwamba si lazima mtu abadili jina ili awe wa taifa.

GHUBA NA KURUDI

Furaha ya Accra haikupata muda wa kukomaa. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la Kagera nchini Tanzania. Vita vilifuata, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Amin alikimbia, lakini utulivu haukuja naye alipoondoka. Kikosi kilichotisha Afrika kilitawanyika, na wachezaji wake kadhaa wakaelekea Falme za Kiarabu, ambako fedha za mafuta zilikuwa zimeanza kujenga viwanja na klabu.

Omondi alikuwa miongoni mwao. Alijiunga na klabu ya Sharjah. Leo mchezaji wa Afrika Mashariki kwenda Ghuba ni habari ya kawaida. Wakati ule Omondi na wenzake walikuwa watangulizi, wakati ambapo wachezaji wengi wa kanda hii walilipwa kwa kupewa ajira ya ukarani katika shirika lililomiliki timu, na mguu ulipochoka ajira nayo ilikuwa mashakani.

Wengi waliotoka Uganda miaka hiyo hawakurudi. Omondi alirudi. Katika miaka ya 1980 aliivaa tena jezi ya KCC, na baada ya kutundika viatu akawa mkufunzi wa klabu hiyo hiyo. Yule aliyejifunza mpira baina ya safu za nyumba akawa mwalimu wa vijana waliotoka katika mitaa ya namna hiyo hiyo. Alifariki mwaka 1999, akiwa mwanzoni tu mwa miaka yake ya arobaini, umri ambao mkufunzi huanza ndipo kuvuna.

JINA LABAKI, MTAA WAONDOKA

Ilichukua Uganda miaka 39 kurudi katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Ilipofuzu kwenda Gabon mwaka 2017, kikosi kizima kilikuwa cha vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Omondi alipoifunga Nigeria. Kabla ya kila mechi walikumbushwa habari za 1978, kama warithi wanaokumbushwa deni la babu.

KCC, ambayo sasa huitwa KCCA baada ya mamlaka mpya ya jiji kuundwa, iliupa uwanja wake wa Lugogo jina la Omondi. Nairobi ilifanya jambo la namna hiyo mwaka 2019, ilipoupa City Stadium wa Barabara ya Jogoo jina la Joe Kadenge baada ya mfumaji huyo kufariki. Ni heshima ya haki, ingawa kwa wote wawili ilikuja wakati mwenyewe hawezi tena kuisoma.

Lakini karibu na Lugogo kuna jambo lingine la kutazamwa. Mwaka 2011 nyumba za zamani za Naguru na Nakawa zilibomolewa ili kupisha ujenzi mpya, na familia zilizoishi humo kwa vizazi kadhaa zikatawanyika. Uwanja wenye jina la Omondi unasimama chini ya kilima kilichomlea, na mtaa aliochezea mpira wa makaratasi haupo.

Mitaa mikongwe ya Nairobi iko katika njia hiyo hiyo. Pangani imeshabomolewa na kujengwa maghorofa, na habari za kubomoa nyingine zimezungumzwa kwa miaka mingi. Hakuna anayewatakia watu wa Ziwani waendelee kubanana katika nyumba za mkoloni. Nyumba bora ni haki yao. Kinachopaswa kuulizwa, kabla tingatinga halijafika, ni mahali watoto watakapocheza. Maisha ya Omondi yanaonyesha kwamba mshambuliaji hatoki katika uwanja wenye majukwaa. Hufika huko baadaye. Hutoka katika nafasi iliyobaki wazi baina ya nyumba, mahali ambapo watoto wa makabila yote hugombea mpira mmoja na ambapo hakuna anayemwomba mwenzake kitambulisho kabla ya kumpa pasi.

Viongozi walioandika amri za kuwatenga watu kwa majina yao wameshapita, na wengi hawakumbukwi kwa wema. Mtoto aliyezaliwa Naguru na kuitwa kwa alfajiri yake angali akitajwa kila timu zinapoingia Lugogo.